Mtoto Azibaye Masikio si Mkaidi

Huenda nyumbani mwako, au nyumba ya pili, yupo mtoto wa namna hii. Siku ya harusi, ngoma zianzapo kulia na watoto wenziwe wakakimbilia uwanjani, yeye hukimbilia uvunguni mwa kitanda akaziba masikio kwa viganja viwili. Siku ya Idi huvishwa kanzu mpya, na kabla baba hajafika msikitini huwa ameshaivua, kwani ukosi wamwasha kama upupu. Wali huula, lakini ukimwagiwa mchuzi juu yake hutapika. Au huwa kinyume cha hayo: huitwa asigeuke, hujigonga ukutani asilie, huzunguka kama pia mchana kutwa wala hashikwi na kizunguzungu.

Majina tumpayo mtoto huyo twayajua sote. Mkaidi. Mdeko. Ana pepo. Amepigwa kijicho. Na lawama zote huishia kwa mama, ambaye husomewa ile methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kana kwamba ni hukumu ya kadhi. Wataalamu wa zama hizi wana jina jingine: wasema mtoto huyo ana shida ya kuzipanga hisi zake. Na ipo mashine moja inayosifiwa sana siku hizi kwamba humtengeneza. Mashine hiyo, na mtoto huyo, ndio mazungumzo yetu leo.

Barua iliyonitia njiani ilitoka mbali na pwani yetu. Maalim mmoja wa madrasa ya Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, alinieleza habari za mwanafunzi wake wa miaka saba ambaye hutoka mbio wenziwe waanzapo kusoma kwa sauti moja. Baba wa mtoto ana ndugu yake Migori mwenye binti wa hali hiyo hiyo. Nyumba zote mbili zimeonyeshwa katika simu picha za mtoto aliyefungwa nyaya kichwani, akitazama kioo kama cha televisheni, na chini yake maneno kwamba ubongo hufundishwa ukatulia. Wazee hao sasa wanatafuta wanunuzi wa ng'ombe zao. Maalim aliuliza swali moja tu: je, hiyo ni elimu au ni biashara?

Nikafunga safari.

NYANZA KUSINI

Wale waliosoma jiografia ya zamani watazijua kaunti hizi mbili kwa jina la Nyanza Kusini. Zilikuwa wilaya moja, makao yake makuu Homa Bay, mpaka zilipogawanywa katika miaka ya 1990. Na tangu mwaka 2013 kila moja ni kaunti yenye gavana wake. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Homa Bay ilikutwa na watu 1,131,950 na Migori watu 1,116,436. Walio wengi ni Wajaluo. Wapo Wasuba visiwani na ufuoni pande za Mbita, na Wakuria karibu na mpaka wa Tanzania.

Mtu wa pwani hajioni mgeni sana Kendu Bay. Ni mji mkongwe wa ufuoni, wenye maduka ya Kihindi yaliyochakaa, na Uislamu ulifika huko mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na wafanyabiashara. Msikiti wa Tawakal ungali wasimamisha sala, na adhana yake huwapata wavuvi wa omena wakianika samaki.

Hebu utie masikio na pua za yule mtoto, kisha utembee naye mji kama huo. Omena zimeanikwa juani, na harufu yake imetanda hata mwisho wa barabara. Pikipiki za bodaboda zapishana zikinguruma. Kila duka la simu lina kipaza sauti chake. Alasiri wingu jeusi latoka ziwani, na mvua yenye mawe yashuka juu ya mabati ya darasa hata mwalimu aache kusema angoje. Kwa mimi na wewe hayo ni maisha. Kwa mtoto yule ni kama kupigwa.

Nilikaa nyuma ya madrasa ya Maalim nikatazama. Watoto wapata thelathini, wote wasoma kwa sauti kama tulivyosoma sisi chuoni, na mtoto wetu amekaa barazani nje, ubao wake mapajani, ameupa mgongo mlango. Wenziwe walipokwisha kutawanyika aliingia mwenyewe, akakaa mbele ya Maalim, akasoma. Ameshahifadhi kutoka Suratun-Nas mpaka Wadh-dhuha, na makhraji yake ni safi.

"Ni nani aliyekufundisha kumweka nje, Shekhe?" nikamuuliza.

"Ni yeye mwenyewe, Bwana," akanijibu. "Mimi nilimtazama tu."

BARAZA LA HISI

Chuoni tulifundishwa kwamba milango ya fahamu ni mitano: kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa. Wanazuoni wetu lakini hawakukomea mlangoni. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 akafariki mwaka 1037, alieleza kwamba ndani ya kichwa, upande wa mbele wa ubongo, ipo hisi iitwayo al-hiss al-mushtarak, yaani hisi ya ushirika. Hilo ndilo baraza ambamo habari za milango yote mitano hukutana. Jicho huleta rangi ya asali, ulimi huleta utamu wake, na barazani ndipo ijulikanapo kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja.

Miaka zaidi ya mia tisa baadaye, bibi mmoja wa Marekani, A. Jean Ayres, alilizungumza jambo lililo karibu na hilo kwa lugha ya hospitali. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wenye shida kuvaa, kula, kushika kalamu na kucheza. Katika kitabu chake cha mwaka 1972 alisema kwamba baadhi ya watoto hushindwa shuleni si kwa upungufu wa akili, bali kwa sababu ubongo wao hauzipangi vizuri habari za hisi. Kwenye ile milango mitano alikazia na miwili iliyojificha: ile ya ndani ya sikio inayopima mwendo na mizani ya mwili, na ile ya viungo na misuli inayotuambia mkono uko wapi hata gizani.

Basi fikiri baraza lisilo na mwenyekiti. Wajumbe wote wasema kwa pamoja, na yule mwenye neno dogo kabisa ndiye apigaye kelele kuliko wote. Lebo ya shati yapiga ukelele sawa na moto. Ndivyo alivyo mtoto wa kwanza niliyemtaja. Yule wa pili, baraza lake limelala, naye huzunguka na kujigonga ili aliamshe.

Ni haki msomaji ajue kwamba madaktari hawajakubaliana juu ya jina la jambo hili. Mwaka 2012, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliwashauri wanachama wake wasilitumie kama jina la ugonjwa unaojitegemea, kwa vile shida za hisi mara nyingi huambatana na hali nyingine, kama vile usonji au kutotulia kupita kiasi. Mwaka 2013, kitabu kikuu cha Kimarekani cha kupambanua maradhi ya akili kiliziingiza shida za hisi miongoni mwa dalili za usonji. Wabishanao wanabishana juu ya jina. Kwamba mtoto anaumia, hakuna abishaye.

MASHINE YENYEWE

Sasa tuje kwenye nyaya. Ubongo hufanya kazi kwa umeme, umeme mdogo mno, unaopimwa kwa sehemu za milioni za volti moja. Mtu wa kwanza kuuandika umeme huo kutoka kichwa cha binadamu alikuwa daktari Mjerumani, Hans Berger, katika mji wa Jena, mwaka 1924. Alikaa nao kimya miaka mitano, akautangaza mwaka 1929. Aliona kwamba umeme huo huenda kwa mawimbi. Mtu akitulia na kufumba macho, mawimbi huwa kiasi cha kumi kwa sekunde. Akifanya hesabu ngumu, hubadilika.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwalimu mmoja wa Chicago, Joe Kamiya, aliuliza: je, mtu akionyeshwa mawimbi yake mwenyewe, aweza kujifundisha kuyabadili? Akaona kwamba yawezekana. Huko California, Barry Sterman akawafundisha paka kuongeza wimbi fulani la utulivu kwa kuwapa chakula kila walitoapo. Baadaye paka hao waliwekwa katika majaribio ya sumu ya mafuta ya roketi, ambayo huleta kifafa, nao wakachelewa kushikwa kuliko paka wengine. Hapo ndipo watu walipoanza kufikiri kwamba huenda binadamu naye akatibiwa hivyo.

Hiyo ndiyo iitwayo nyurofidibaki. Mtoto hupakwa dawa ya kunata kichwani, vigusio vidogo vikabandikwa, na mawimbi yake yakapelekwa katika kompyuta. Mbele yake kuna mchezo: gari, ndege au samaki. Ubongo ukitoa wimbi litakiwalo, gari laenda. Ukitoa lisilotakiwa, gari lasimama. Hakuna umeme uingizwao kichwani, wala sindano, wala dawa ya kunywa. Aghalabu hufanywa mara thelathini au arubaini, mara mbili au tatu kwa wiki.

Kwa hiyo jibu la nusu ya kwanza ya swali la Maalim ni hili: ndiyo, ipo elimu ndani yake. Mawimbi ni ya kweli, na mashine huyasoma kweli.

MIZANI YA USHAHIDI

Swali gumu ni la pili: je, humsaidia mtoto?

Dawa yoyote ya utulivu ina mtego wake. Mtoto akipelekwa mara arubaini mahali penye utulivu, akakaa na mtu mzima mpole anayemsifu, huku wazazi wake wamejaa matumaini, yamkini atatengenea hata kama mashine haikufanya lolote. Ili kujua, ni lazima watoto wagawanywe mafungu mawili bila mtu kuchagua. Fungu moja gari lao liendeshwe na ubongo wao, na fungu la pili liendeshwe na mawimbi ya mtoto mwingine yaliyorekodiwa zamani. Wala mtoto, wala mzazi, wala mwalimu asijue nani yuko fungu gani.

Jaribio la namna hiyo lilifanywa Marekani kwa watoto wapatao 140, wa miaka saba hadi kumi, wenye shida ya kutotulia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Kila mtoto alifanyishwa mazoezi mara 38. Matokeo yalikuwaje? Mafungu yote mawili yalitengenea, na yalitengenea sawa. Gari la kweli halikulishinda gari la uwongo. Mwishoni mwa mwaka 2024 ukachapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 38 yenye watu 2,472. Nao ulisema kwamba, watathmini wasipojua nani kapata mashine ya kweli, faida kwa wenye shida ya kutotulia haionekani kwa kiasi cha kutegemewa.

Na hiyo ni shida ya kutotulia, ambayo imechunguzwa kuliko zote. Kwa shida za hisi hasa, zile za mtoto azibaye masikio, majaribio yaliyopo ni machache na madogo, na hayatoshi kumwuzisha mtu ng'ombe.

Sisemi kwamba kila mwenye mashine hii ni mlaghai. Wapo waaminifu wanaoendelea kuchunguza, na huenda kesho wakapata kitu. Lakini mwaminifu atakuambia kwamba anajaribu. Hatakuambia kwamba anaponya. Atakayekuahidi kwamba baada ya mara arubaini mwanao atakuwa kama watoto wengine, huyo muulize: fungu la pili liko wapi?

KIJICHO NA CHIRA

Kutoka Homa Bay nilishika njia ya Rongo, nikateremka mpaka mji wa Migori, kwa yule ndugu wa baba wa mtoto. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa chai na viazi vitamu. Binti yake, wa miaka tisa, alikuwa nyuma ya jiko, amejifunika leso gubigubi, na mama akanieleza kwamba hivyo ndivyo afanyavyo kila mgeni aingiapo.

"Mzee," akaniambia, "kabla ya mashine hii nimekwisha kupita kote. Wengine walisema ni chira. Wengine walisema ni sihoho. Nimetoa kuku, nimetoa mbuzi. Ng'ombe ndiye aliyebaki."

Chira, kwa Wajaluo, ni maradhi yamshukayo mtu au nyumba kwa kuvunja mwiko wa wazee. Sihoho ni jicho baya, lile ambalo sisi twaliita kijicho au jicho la hasidi. Nilipomsikiliza mama huyo sikuona mbali baina ya Nyanza na pwani. Mwaka 2015 watafiti walichapisha habari walizokusanya Kilifi na Mombasa, kwa wazazi na wataalamu, juu ya usonji. Walitajiwa pepo, uchawi na laana; walitajiwa pia malaria, shida za kuzaa na mambo ya kurithi. Na wazazi wengi walikuwa wakienda njia zote mbili, kwa mganga na hospitali. Sisi tuna kombe na hirizi na ngoma ya pepo, wao wana waganga wao. Mama ni yule yule, na mkoba wake wazidi kuwa mwepesi.

Ndipo niliposadiki kwamba nyaya zile zimekuja kukaa mahali pa hirizi. Si kwa sababu zafanana, maana moja yatoka maabara. Ila ahadi ni ile ile: lipa, na mtoto atageuka. Mzazi aliyechoka hununua ahadi. Na kila ahadi ikivunjika, lawama hurudi pale pale kwa mama, kwamba hakuamini vya kutosha, au hakumaliza mara arubaini zake.

YAKINGIKAYO

Kabla ya kutaja la kufanya, niseme neno juu ya kinga, kwani kaunti hizi mbili zina maadui wa ubongo wa mtoto wajulikanao.

Wa kwanza ni malaria. Uchunguzi uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba, miaka miwili baada ya kupona malaria ya ubongo, mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa amepungukiwa katika uwezo wa akili. Kwa sababu hiyo ni fahari ya Nyanza Kusini kwamba tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilianzisha chanjo ya malaria huko Ndhiwa, katika Homa Bay, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti zilizopewa mwanzo.

Wa pili ni zebaki. Katika Nyatike, upande wa Macalder, watu huchimba dhahabu kwa mikono yao, wakaikusanya kwa zebaki kisha wakaichoma zebaki hiyo motoni, mara nyingine jikoni penye watoto. Moshi wake ni sumu ya ubongo, na mtoto aliye tumboni ndiye adhurikaye zaidi. Mkataba wa dunia wa kuipunguza zebaki, uliotiwa sahihi mwaka 2013, ulipewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika kwa zebaki iliyotupwa baharini. Na Kenya imeuridhia mwaka 2023. Sisemi kwamba mtoto azibaye masikio ameathiriwa na malaria au zebaki. Wengi wao huzaliwa hivyo, na sababu hazijulikani. Lakini pesa za chandarua na za kibuyu cha kufungia moshi wa zebaki hazipotei.

LILILO KARIBU

Basi Maalim na wazazi wafanye nini?

Kwanza, hospitali ya karibu. Mtoto azibaye masikio huenda ana usaha sikioni. Mtoto asiyegeuka akiitwa huenda hasikii. Anayezubaa huenda ana kifafa, ambacho kina dawa ya vidonge tena si ghali. Mambo haya hupimwa Homa Bay na Migori, hakuna haja ya kupanda basi la usiku.

Pili, vituo vya kupimia watoto wenye mahitaji maalum, vijulikanavyo kwa herufi za EARC. Serikali ilivianzisha mwaka 1984 kwa msaada wa Denmaki, na mwaka 1986 ikafungua chuo cha KISE, Nairobi, kinachosomesha walimu wa watoto hao. Vituo hivyo viko chini ya Wizara ya Elimu, nchini kote, na mzazi aingiaye ofisi ya elimu ya eneo lake akauliza ataonyeshwa. Ni wachache na vifaa vyao haba, hilo ni kweli. Hata hivyo wengi hukaa bila kazi siku nzima kwa sababu wazazi wamewaficha watoto nyumbani. Mficha maradhi, kilio humfichua. Katika hesabu ya mwaka 2019, Homa Bay ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizotaja ulemavu kwa wingi, zaidi ya watu wanne katika kila mia, ilhali nchi nzima ilikuwa wawili na kidogo. Mimi naona ni ishara njema: huenda watu wa huko wameanza kutoficha.

Huku kwetu nako hatuko nyuma. Kituo cha utafiti cha Kilifi kimefanya kazi tangu mwaka 1989, na mwaka 2008 Bi. Amina Abubakar, leo profesa, pamoja na wenzake walichapisha kipimo cha makuzi ya watoto wachanga kilichotungwa kwa watoto wa Kilifi wenyewe, si wa London. Mtoto wa pwani hupimwa kwa vitu avijuavyo.

Tatu, na hili ndilo nililolifuata, ni kumtengenezea mtoto mahali pake. Nilizungumza na mwalimu wa darasa la watoto maalum katika Homa Bay, mtu wa maneno machache, naye alinihesabia kwa vidole. Mkalishe karibu na mlango, awe na pa kutokea. Mwambie kabla kengele haijalia. Mvua ikija, mpe kitambaa ajifunge masikio, usimcheke. Kata lebo ya shati, lifue mara tatu kabla hajalivaa. Mpe kazi nzito: kubeba maji, kusukuma madawati, kulima, kwani misuli ikifanya kazi ubongo hutulia. Mfungie bembea mwembeni. Chakula kipya kitangulize kidogo kidogo, pembeni mwa sahani.

Nikacheka moyoni. Bembea, kazi ya kubeba, kufungwa leso mgongoni barabara, kukandwa kwa mafuta ya nazi jioni, kubembelezwa kwa sauti ya chini. Bibi zetu hawakusoma kitabu cha Bibi Ayres, lakini mkono wao uliyajua haya. Wala nisikudanganye, msomaji: hata tiba ya hisi ifanywayo hospitali kwa bembea na michezo haijashinda mizani yote. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2022, kwa watoto 138 wenye usonji, halikuonyesha kwamba hiyo yapita matunzo ya kawaida. Tofauti ni kwamba bembea haiuzi ng'ombe. Na mtoto aliyewekwa karibu na mlango hufurahi leo hii, si baada ya mara arubaini.

Waislamu tuna mfano mkubwa kuliko wote. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akisimama kusali na nia ya kurefusha, kisha husikia kilio cha mtoto, akaifupisha sala, kwa kujua uchungu wa mama yake. Ikiwa sala ilifupishwa kwa ajili ya mtoto, itakuwaje darasa lisimkalishe mlangoni, na harusi isimpunguzie ngoma?

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la chumvi, mviringo kama sahani, liitwalo Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa sherehe alikuja bibi kizee aliyechakaa, akaomba mahali pa kukaa, wakamfukuza kwa kuwa hakufanana nao. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Mvua ikashuka, kijiji kikazama na ngoma zake, akasalimika yule aliyefungua mlango. Maalim alinionyesha ziwa hilo kwa kidole, hakunieleza maana yake, wala sikumuuliza.

Jibu langu kwa wazee wale nililiacha huko huko. Ng'ombe wasiuzwe kwa ajili ya nyaya. Maziwa yao yawanyweshe watoto, na nauli ndogo iwafikishe hospitali na kituo cha EARC. Kesho elimu ikileta ushahidi, tutaupokea kwa mikono miwili, na mimi nitakuwa wa kwanza kuuandika hapa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na anayesukwa kwa pupa hulia.

Kwa walio na mtoto wa namna hii, nawaachia ubeti huu:

Mwana aziba sikio, si kwamba hataki neno,
Vyamuumiza vilio, na vishindo na mguno,
Asakapo kimbilio, apawe wetu mkono,
Fimbo si dawa ya mwana, subira ndiyo dawaye.